Usitoke zahanati na daftari lililoandikwa "maumivu ya mkono"

Msomaji wangu, leo naomba uanze kwa kufungua daftari la hospitali, lako au la mwanao. Tafuta ukurasa wa siku mliyokwenda zahanati kwa sababu ya mkono. Huenda mtoto alianguka kutoka kwenye mwembe kule Liuli. Huenda uliteleza kwenye mteremko wa Umatengo ukiwa na mzigo wa kahawa kichwani, au bodaboda iliwaangusha kwenye kona za barabara ya Mbinga kwenda Mbamba Bay. Soma kilichoandikwa. Ukikuta "maumivu ya mkono", jina la dawa ya kutuliza maumivu na sahihi, makala ya wiki hii inakuhusu.

Hoja yangu ni moja. Jeraha la kifundo cha mkono likiandikwa nusu, hutibiwa nusu, hulipiwa nusu na huhesabiwa nusu, na anayebeba hasara ni mgonjwa. Kwa hiyo mgonjwa au mzazi wake ana kila sababu ya kuuliza kabla ya kutoka kwenye chumba cha daktari: "Samahani daktari, umeandika nini?"

Ndani ya kifundo kuna nini

Kifundo cha mkono ni pale unapovaa saa. Ndani yake mna mifupa midogo 8 iliyopangwa safu mbili, ikikutana na mifupa miwili mirefu ya mkono. Mifupa hiyo imefungwa pamoja kwa kano na kuzungukwa na mfuko wa kiungo. Upande wa ndani wa mfuko huo umetandazwa utando mwembamba unaotoa ute wa kulainisha kiungo, kama grisi inavyolainisha gurudumu la baiskeli.

Ukianguka ukajikinga kwa kiganja, uzito wa mwili wote hupitia hapo. Kano zinaweza kuvutika au kuchanika. Mfuko na utando wake vinaweza kuumia, kiungo kikajaa ute au damu na kuvimba. Mfupa mrefu unaweza kuvunjika karibu na kifundo. Au mfupa mdogo wa upande wa kidole gumba unaweza kupata ufa. Mfupa huu madaktari huuita skafoidi, jina lililotokana na neno la Kigiriki la mashua kwa sababu ya umbo lake.

Skafoidi ndiyo inayowachenga wengi. Ufa wake unaweza usionekane kwenye eksirei ya siku ya kwanza. Tena sehemu kubwa ya damu yake huingilia ncha moja, hivyo ukivunjika na kuachwa hivyo hivyo, kipande cha upande wa pili kinaweza kukosa damu kikafa, na kifundo kikabaki na maumivu miaka yote. Dalili yake ni maumivu ukibonyeza kile kishimo kinachojitokeza chini ya kidole gumba unapokinyoosha juu. Mwenye dalili hiyo hufungwa mkono kana kwamba umevunjika, hata kama picha ni safi, kisha picha hurudiwa baada ya siku 10 hadi 14.

Kwa watoto kuna jambo jingine. Karibu na ncha za mifupa yao kuna sehemu laini ambako mfupa hurefukia, na mara nyingi sehemu hiyo ni dhaifu kuliko kano zilizo jirani. Mtoto akianguka, kinachoumia huweza kuwa hiyo sehemu ya kukulia wakati watu wazima wanaomzunguka wanasema "kateguka tu". Ikipuuzwa, mfupa unaweza kukua umepinda au kubaki mfupi.

Majeraha yote hayo kwa nje yanafanana: uvimbe, maumivu, mkono kukosa nguvu. Ndiyo maana nasema "maumivu ya mkono" hayatoshi. Hayo ni malalamiko uliyoingia nayo mlangoni. Ulikwenda kutafuta jibu, ukatoka na swali lako mwenyewe limeandikwa kwenye daftari.

Lugha yetu nayo inachangia

Tusiwalaumu watoa huduma peke yao. Kiswahili chetu cha kila siku kinaita "mkono" kila kitu kuanzia begani hadi kwenye ncha za vidole. "Kiwiko" kwa wengi ni pale mkono unapokunjika katikati, lakini wapo wanaoita kifundo hivyo hivyo. Na "kuteguka" tunalitumia kwa kano iliyovutika, kwa kiungo kilichotoka mahali pake, na hata kwa mfupa ambao hakuna aliyeupiga picha.

Fikiria basi mama anayesema, "Mtoto kateguka kiwiko." Tabibu anasikia, anaandika kwa Kiingereza, kwa haraka, huku mgonjwa mwingine akigonga mlango. Neno limepita kwenye lugha mbili na masikio mawili, na linaweza kufika kwenye karatasi likiwa na maana isiyo yake. Dawa ni nyepesi: onyesha kwa kidole. Mwambie mtoto aweke kidole kimoja mahali panapouma zaidi. Kidole hakihitaji kutafsiriwa.

Neno linapogeuka namba

Baada ya neno huja namba. Hospitali duniani kote hutumia orodha ya kimataifa ya magonjwa, ambayo mzizi wake ni orodha ya vyanzo vya vifo iliyopitishwa mwaka 1893, na ambayo Shirika la Afya Duniani limekuwa likiisimamia tangu 1948. Kila ugonjwa na kila jeraha lina herufi na tarakimu zake. Fomu ya madai ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ina nafasi ya namba hiyo. Anayeijaza hulitazama neno lililoandikwa na daktari. Akikuta neno legelege, ataandika namba legelege.

Tazama tofauti zake kwa toleo la 10 la orodha hiyo. S63.5 ni kano za kifundo kuvutika au kuchanika. S62.0 ni kuvunjika kwa skafoidi. S52.5 ni kuvunjika kwa ncha ya chini ya mfupa mrefu wa upande wa kidole gumba. M70.0 ni uvimbe sugu wa utando wa kiganja na kifundo unaosababishwa na kukitumia kupita kiasi. Sasa angalia M79.6: hiyo ni "maumivu ya mguu au mkono". Haisemi hata kama kilichouma ni mguu.

Zingatia pia mpaka kati ya S na M. Herufi S husema kuna tukio: ulianguka, uligongwa, ulivutwa. Herufi M kwa kawaida huhusu ugonjwa wa kiungo au misuli, mara nyingi uliokuja polepole. Anayezungusha kwa mkono mashine ya kumenya kahawa msimu mzima, anayelima ngoro kwa jembe mwaka baada ya mwaka, au anayevuta nyavu za usipa usiku kucha, anaweza kuvimba kifundo bila kuanguka hata siku moja. Utando umechoka. Huyo ni wa M70.0, na tiba yake ni kupumzisha mkono, kufunga kifundo na kubadili namna ya kufanya kazi. Akiandikiwa jeraha la ghafla, atarudishwa kazini wiki ijayo na ugonjwa utaendelea. Na wa kuanguka akiandikiwa ugonjwa wa polepole, hakuna atakayefikiria kurudia eksirei.

Kuna pengo jingine ambalo wagonjwa wengi hawalijui. Toleo la 10 linalotumika Marekani lina tarakimu za ziada zinazoonyesha kama ni kulia au kushoto. Toleo la Shirika la Afya Duniani halina. Toleo la 11, lililoanza rasmi Januari 1, 2022, linaruhusu kuongeza alama ya upande, lakini penye fomu za toleo la 10 S63.5 ni S63.5 tu. Upande utajulikana pale tu kalamu ya daktari itakapoandika "kulia" au "kushoto".

Nani anaumia kwa maandishi haya

Chukua mfano wa kijana wa kidato cha pili anayeishi mwambao wa Ziwa Nyasa. Ameangukia kiganja uwanjani, akaenda zahanati, akapewa dawa na bendeji. Baada ya siku 12 bado anaumwa. Anapelekwa Mbamba Bay, kisha Mbinga, mwendo wa kilomita zipatazo 66 kupanda milima, na pengine Songea, kilomita nyingine kama 100. Kila anapofika anaanza upya, kwa sababu daftari linasema "maumivu ya mkono". Upande gani? Aliumia lini? Alipigwa picha? Ilionyesha nini? Mzazi anajibu kwa kumbukumbu, na kumbukumbu huchoka.

Sasa mpe kijana huyo huyo daftari lenye mistari hii: "Kifundo cha kulia. Aliangukia kiganja uwanjani tarehe 3. Kishimo cha kidole gumba kinauma kikibonyezwa. Eksirei haijaonyesha ufa. Amefungwa P.O.P. Arudi tarehe 15 picha irudiwe." Daktari yeyote wa Liuli, Litembo, Peramiho au Songea akiisoma ataendelea pale mwenzake alipoishia. Nauli imeokolewa, na huenda mkono pia.

Wa pili ni mwenye bima. NHIF ilianza kazi mwaka 2001, na sasa ipo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Kadiri bima inavyoenea, ndivyo karatasi inavyozidi kuwa na nguvu. Anayekagua madai ofisini hajamwona mtoto wako. Akiona "maumivu" upande mmoja na eksirei mbili na P.O.P upande mwingine, ana haki ya kuuliza kwa nini maumivu yamegharimu kiasi hicho. Kituo kikikataliwa madai hukosa fedha za dawa, na dawa zikikosekana ni wewe unayeambiwa ukanunue nje.

Wa tatu ni mwajiriwa. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulianza kazi Julai 2015, na unawahusu walioajiriwa, wawe shuleni, kwenye viwanda vya kahawa au kwenye makaa ya mawe ya Ngaka. Ili ulipwe lazima ithibitike kwamba uliumia ukiwa kazini na kwamba kilichoumia ndicho kinachokulemaza leo. Daftari lisilotaja tarehe, mahali wala chanzo halithibitishi lolote kati ya hayo. Wavuvi, wakulima na waendesha bodaboda waliojiajiri hawana mfuko huo wa kukimbilia, na kwao kifundo kibovu maana yake ni nyumba kukosa kipato. Aliyeumizwa na chombo cha moto au kupigwa atahitaji pia PF3 ya polisi. Maelezo ya daktari kwenye fomu hiyo ndiyo yatakayosomwa siku ya madai.

Wa nne ni sisi sote. Orodha ile ile ya kimataifa ina namba za chanzo cha jeraha. Zinazoanza na V ni za vyombo vya usafiri, pikipiki zikiwamo, na W zina kuanguka, hata kuanguka kutoka mtini, W14. Chanzo kisipoandikwa kijijini, halmashauri haiwezi kujua kama mikono ya watoto wa Nyasa inavunjwa na miembe, na pikipiki au na ngazi mbovu za shule. Tatizo lisilohesabiwa halipangiwi bajeti.

"Daktari ana foleni ndefu"

Najua jibu litakalokuja, na lina uzito. Zahanati nyingi za vijijini zina tabibu mmoja anayepima malaria, anayeshona vidonda, anayeitwa chumba cha kujifungulia na anayejaza vitabu vya MTUHA jioni taa ikiwa imefifia. Kumwongezea maandishi ni kumwonea. Wapo pia watakaosema namba ni kazi ya wataalamu, mgonjwa asiingilie.

Namba kweli ni kazi yao. Huhitaji kuijua hata moja. Lakini maneno yanayozaa namba yanatoka kinywani mwako, na ukiyaleta yamepangwa unampunguzia tabibu kazi. Mistari mitano huandikwa kwa muda mfupi kuliko unaotumika kumhoji upya mgonjwa aliyerudi mara ya tatu.

Kwa halmashauri za Mbinga na Nyasa nina pendekezo dogo. Kila zahanati ipewe mhuri wa mpira wenye mistari mitano: upande na mahali panapouma, chanzo na tarehe, kilichoonekana kwa vipimo, jeraha linalodhaniwa, tarehe ya kurudi. Mhuri unagongwa kwenye daftari la mgonjwa yeyote aliyeumia mkono au mguu, na tabibu anajaza. Mhuri hauhitaji umeme, mtandao wala semina ya siku tatu. Mifumo ya kompyuta inakuja na tunaishukuru, lakini hata kompyuta hutunza kile tu ilichoandikiwa.

Kweli, bila chumvi

Nisieleweke vibaya. Sisemi umshawishi daktari aandike "kuvunjika" ili upate siku nyingi za mapumziko au fidia nono. Huo ni udanganyifu, na unaweza kukugharimu wewe na aliyeandika. Tena una hatari ya kitabibu: mkono usiovunjika ukifungwa wiki nyingi bila sababu hukakamaa. Kama haijulikani bado, aandike kwamba haijulikani: "inadhaniwa ni ufa, picha irudiwe." Shaka iliyoandikwa ni taarifa nzuri. Inamwambia atakayekupokea kwamba kazi haijaisha.

Na usisaini fomu ya bima ikiwa tupu. Soma, uliza, kisha saini kile ulichokipata.

Ufanye nini

Ukiumia kifundo, vua pete, bangili na saa kabla uvimbe haujapanda. Tuliza mkono kwa kipande cha ubao au gazeti lililokunjwa, uufunge kwa kanga shingoni ukiwa umeinuliwa. Weka kitambaa cha maji baridi. Usikande, usivute, usichue kwa maji ya moto. Nawaheshimu wazee wetu wanaounga mifupa, lakini kifundo ambacho hakijapigwa picha kisivutwe na mtu yeyote. Kukanda kunaweza kusogeza kilichokuwa kimetulia.

Ukiwa njiani kwenda zahanati, panga majibu sita: mkono gani, panauma wapi hasa, kwa kidole kimoja, nini kilitokea, siku gani na saa ngapi, mkono upi mtoto anaandikia, na kama aliwahi kuumia hapo kabla. Ukimaliza kuhudumiwa, mwombe daktari kwa adabu akusomee kwa Kiswahili alichoandika. Sikiliza kama mna upande, mahali, chanzo, matokeo ya vipimo na tarehe ya kurudi. Kinachokosekana omba kiongezwe. Wengi wao watakiongeza bila kinyongo. Kisha litunze daftari na picha ya eksirei penye ukavu, na ukiwa na simu yenye kamera, piga picha ukurasa huo.

Rudi haraka bila kungoja tarehe uliyopewa ukiona lolote kati ya haya: vidole vimekuwa baridi, vya bluu au vimekufa ganzi, maumivu yanazidi ndani ya P.O.P, mkono umepinda, kuna kidonda juu ya mahali panapouma. Mtoto mwenye homa na kifundo chenye joto kilichovimba, asiyekubali kukigusisha, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama hakuanguka. Huenda wadudu wameingia ndani ya kiungo, na kila saa ina gharama yake. Na kifundo kinachovimba polepole kwa wiki kadhaa bila jeraha kinahitaji uchunguzi, kwa kuwa hata kifua kikuu huweza kukaa kwenye kiungo.

Mzazi, huu ni msimu ambao mwanao atapanda mti tena, atacheza mpira tena na atapakiwa kwenye pikipiki tena. Huwezi kuzuia kila kuanguka. Unachoweza ni kuhakikisha kwamba akianguka, ukurasa wa daftari lake unasema mkono upi, wapi, lini, kwa nini, na arudi tarehe ngapi. Ukiona mstari mmoja haupo, usiinuke kwenye kiti.